Diski Isiyoitika

Muscat, Oman
Jumapili, 10 Septemba 2006

Leo ni miaka minne, miezi saba na siku tatu tangu nipande basi pale stendi ya Moshi, Mama ukiwa umesimama na ile kanga ya kijani, ukinisisitiza nisikae upande wa jua.

Mama yangu mpendwa, shikamoo. Nadhani barua hii itakukuta umekaa kwenye kigoda chako karibu na banda, na Dada Aikande ndiye anayekusomea. Dada, shikamoo nawe. Kaka Elinami kama yuko kwenye migomba, naomba aitwe kwanza kabla hamjaendelea, kwa sababu ndani kuna neno linalomhusu na sitaki alisikie vipande vipande. Shikamoo, kaka.

Mama, mguu unaendeleaje? Baridi ya Julai najua ilikusumbua. Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na kahawa mmechuma, au kaka ameng'oa hata ile miche ya mwisho akaweka nyanya kama alivyokuwa akitishia? Huku mimi ni mzima. Joto ni lile lile la kukausha mate mdomoni, ila ninakofanya kazi kuna ubaridi wa mashine, kiasi kwamba nashinda na sweta na kulala bila shuka. Mgongo unauma kidogo asubuhi. Nikishatembea, unaacha.

Ningeweza kumpigia dada simu, lakini simu inakatika, na mtu akiwa anaongea kwenye simu huruka mambo. Nataka niyaseme yote.

Dada, ulipoandika mwezi wa kwanza ulinieleza habari za Krismasi. Ulisema kaka alichinja beberu, akapanga mafungu juu ya majani ya mgomba kama alivyokuwa akipanga Baba, akaita majina. Kidari kikaenda kwa baba mkubwa, shingo ikaenda kwa mjomba, kila mtu akaitika akachukua lake. Langu likabaki kwenye jani. Ukasema kaka alilitazama kidogo, akaliinua na kumpa jirani, akasema, "Mwaka wa nne huu. Fungu la mtu asiyeitika ni la mbwa au la jirani, na mbwa wetu ameshiba." Nilicheka niliposoma. Halafu nikaacha kucheka. Sikukujibu, na leo ndiyo nakujibu.

Nianze na uongo wangu wa kwanza. Katika barua zangu zote niliandika kwamba nafanya kazi ya kompyuta. Najua Mama ulilitangaza kanisani, na nasikia hapo Masama watoto wa shule wanaambiwa wasome ili wawe kama Elisante. Mama, mimi si fundi. Mimi ni mpagazi. Kazi yangu ni ile ile niliyokuwa nikiifanya mpakani Holili, ya kupandisha na kushusha magunia ya mahindi kwenye malori, isipokuwa hapa ni masanduku ya chuma. Nafanya kazi ya kompyuta kama punda anavyofanya kazi ya kahawa. Nafagia, nabeba, nafungua makatoni, nashika tochi fundi akiwa amelala chini ya meza. Niliishia kidato cha pili, na kwa kidato cha pili kazi hii si mbaya. Nilichoshindwa ni kuwaandikia hivyo.

Ndiyo maana likizo ya kwanza ilipofika niliomba nilipwe badala ya kupewa tiketi. Na Baba alipofariki nikasema nimenyimwa ruhusa. Ruhusa nilipewa, Mama. Nilipewa siku kumi. Niliogopa kufika msibani watu waanze kuniuliza habari za kompyuta nikiwa na mikono hii.

Dada, usiruke hapo. Msomee Mama kama ilivyoandikwa.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Fundi ninayemshikia tochi anaitwa Bwana Seif. Alizaliwa Unguja, akaja huku na wazazi wake akiwa kijana, na Kiswahili chake ni cha kuimba, kama watu wa kule. Siku ya kwanza aliponisikia nikiongea, aliwaambia wenzake, "Yakhe, huyu Mchaga! Ficheni pochi zenu." Nikamjibu, "Pochi ya Mzanzibari ina nini zaidi ya harufu ya karafuu?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo tumekuwa watu.

Kampuni tunayofanyia kazi inatunza kumbukumbu za kliniki kadhaa za mjini. Picha za vifua, mifupa iliyovunjika, watoto walio tumboni, vyote vinakaa ndani ya sanduku moja la chuma ambalo mafundi wanaliita seva. Mbele lina matundu kumi na mawili, kama nyumba ya njiwa. Kila tundu lina diski moja, na diski ni kipande cha chuma ukubwa wa kitabu cha nyimbo cha kanisani, kizito kuliko kinavyoonekana. Diski hizo zinabeba mzigo kwa pamoja, kama watu wanavyobeba jeneza. Mmoja akijikwaa, waliobaki wanaweza kusimama na jeneza lao mpaka aje mwingine kushika nafasi yake. Wakijikwaa wawili, jeneza liko chini.

Kwa hiyo diski moja ikifa si msiba mkubwa. Unaichomoa, unaweka mpya, na mashine wala haizimwi. Ugumu ni kujua iliyokufa iko tundu lipi. Mashine yenyewe haijui matundu. Inaijua kila diski kwa namba yake ya kiwandani, na namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko kilicho ubavuni, huwezi kuisoma mpaka uitoe. Na ukitoa iliyo nzima ili usome, tayari umeangusha jeneza. Bwana Seif anasema masanduku ya ghali huwasha taa nyekundu penye mgonjwa. La kwetu lilinunuliwa rahisi. Lina taa ndogo za kijani tu, kila tundu na yake, zinazopepesa diski inapofanya kazi, na hata iliyokufa hupepesa mashine inapoibishia hodi, na taa mbili ziliungua kabla hata sijaajiriwa. Ndiyo sababu Bwana Seif aliandika karatasi: tundu la kwanza diski namba fulani, la pili namba fulani, hadi la kumi na mbili. Akaibandika ndani ya mlango wa kabati na kutia sahihi yake chini.

Mwezi wa tano tulihama chumba. Seva ilitakiwa kutoka chini kwenda ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu. Sanduku likiwa na diski zake halibebeki, basi Bwana Seif akalizima, akazitoa diski moja moja kwa mkono wake, akazifunga kwenye mifuko ya sponji na kuzipanga kwenye katoni kwa mpangilio. "Libebe kama mayai," akaniambia. Yeye akatangulia juu kufunga nyaya.

Mama, kitu cha thamani siwezi kukibeba begani. Nilikukumbuka ulivyokuwa unapanda kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, shingo imenyooka, mikono mitupu, hata jani moja halidondoki. Nikavua fulana, nikaikunja ngata, nikaweka katoni kichwani. Wahindi waliokuwa wakipaka rangi ngazini waliacha kupaka wakanitazama. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Nilipanda kama nimetoka kukata majani, mkono mmoja ukutani. Ila njia ya shambani haina milango, na hilo nililisahau. Boriti ya juu ya mlango wa ghorofa ya pili ililigonga katoni, likarudi nyuma, nikageuka nikalipokea kwa kifua na kushuka nalo kwa magoti. Diski nne zilibaki ndani. Nane zilimwagika mapajani na sakafuni, kila moja na mfuko wake, zinafanana kama matofali ya tanuru moja. Moja iliteleza ikashuka ngazi mbili, tak, tak.

Nilikaa pale nikizitazama. Kisha nikaziokota na kuzirudisha nilivyoweza.

Juu, Bwana Seif alikuwa amelala nyuma ya kabati na nyaya mdomoni. Akasema bila kunitazama, "Zitie matunduni kama zilivyopangwa." Nikazitia. Akauliza, "Zimekaa kwa mpangilio?" Nikasema, "Ndiyo, bwana." Akawasha. Taa kumi zikapepesa kijani na mashine ikaamka bila kulalamika, kwa kuwa inazijua diski zake popote zilipo. Bwana Seif akanipiga bega. "Mchaga, wewe hodari."

Siku ile haikuniuma. Nilijiambia kwamba mashine yenyewe imekubali, mimi ni nani nibishe. Ilianza kuniuma baadaye, kila nilipofagia chumba kile na kufungua kabati kufuta vumbi, nikiiona karatasi mlangoni na sahihi ya mtu mwema chini yake, na kila mstari wake huenda ni wa uongo. Mara mbili nilianza kumwambia. Mara ya kwanza simu yake ikaita. Mara ya pili haikuita simu yoyote, niliogopa tu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Novemba na yeye ndiye wa kunisemea kwa meneja.

Jumamosi ya wiki jana, asubuhi kama saa tatu, akaita kutoka ndani, "Elisante! Lete diski mpya kutoka stoo. Moja imetutoka."

Nilipofika nayo, kabati lilikuwa wazi. Alikuwa ameandika kiganjani namba aliyopewa na mashine, inayoishia na sabini na moja, na kidole cha mkono mwingine kinashuka kwenye karatasi. "Tundu la saba," akasema. "Marehemu yuko la saba." Akashika kishikio cha la saba.

Nilisimama na ile diski mpya mikononi. Nawaambia mambo yalivyopita kichwani mwangu, kwa sababu nimeamua kusema yote. Niliwaza kwamba nikinyamaza, huenda ikawa ni yenyewe kweli, kwani nne hazikumwagika. Niliwaza kwamba hata isipokuwa yenyewe, karatasi ina sahihi yake, na jina langu halipo popote katika kabati lile. Nilimwona akikaza kidole.

"Bwana Seif, usivute."

"Nini tena?"

"Toa mkono kwanza. Nakuomba. Toa mkono."

"Yakhe, umeshakuwa fundi leo?"

"Karatasi si ya kweli. Zilimwagika ngazini siku tunahama. Nilizirudisha kwa kubahatisha."

Aliachia kile kishikio polepole, kama mtu aliyegundua ameshika mkia wa nyoka. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa juu ya katoni. 

"Zilimwagika ngapi?"

"Nane."

"Nane. Na mimi nilikuuliza siku ile, au sikukuuliza?"

"Uliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema ndiyo."

"Nilisema ndiyo," akaniigiza, na hakuniigiza kwa mzaha. "Mimi hapa nina watoto watatu, Elisante. Ningevuta hiyo, wangesema Seif kalewa. Mimi, nisiyejua pombe ina rangi gani! Ungesimama hapo hapo na ufagio wako ukinitazama?"

Nikamwambia tuizime mashine, tuzitoe zote tusome namba. Akatikisa kichwa. "Kliniki zimefunguliwa. Sasa hivi kuna mtu kalala mezani, daktari anaitazama picha yake kutoka humu. Halafu diski hizi zimezunguka miaka minne, hazijui kulala. Ulipozibeba zilikuwa nzima zote kumi na mbili, na bado niliomba dua. Leo moja imekufa. Nikizilaza zilizobaki na nyingine isiamke, tumekwisha."

Akanyanyuka, akaenda kwenye kompyuta, akaniambia nichukue ule utepe mweupe wa kufungia nyaya. Alivyofanya ni hivi. Alichukua namba ya diski moja nzima, akaiamuru mashine iisome hiyo tu kwa nguvu, bila kupumzika. Kwenye sanduku taa zote zilikuwa zikipepesa kila moja kwa zamu yake, lakini moja ikaacha kupepesa, ikang'aa moja kwa moja. "La nne," nikasema. "Bandika utepe, andika namba." Akaita nyingine. "La kwanza." Nyingine. "La kumi na mbili." Ya nne au ya tano kuitwa, taa iliyong'aa ilikuwa ya tundu la saba.

Bwana Seif aligeuka akanitazama. Nami nilibandika utepe kwenye la saba, nikaandika vibaya, nikafuta.

Aliziita zote kumi na moja zilizo hai. Kumi zilijibu kwa taa. Moja tuliiita, tukangoja, hapakuwaka popote. Mwisho matundu mawili tu hayakuwa na utepe: la tatu na la kumi. Ni yale yale ambayo taa zake zimeungua. Katika moja kuna diski hai isiyo na taa, katika lingine kuna maiti, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Hapo nilimkumbuka Baba na mafungu yake. Baba hakuwahi kuuliza ni nani hajafika. Alikuwa anaita majina, watu wanainua nyama zao, na mwisho anatazama majani. Nakumbuka mwaka mmoja yalibaki mawili, na mama mdogo mmoja alikuwepo, ila amekaa nyuma ya migomba na masikio yake yale mazito. Wengine wakataka mafungu yote mawili yagawiwe. Baba akakataa. Akaenda mwenyewe mpaka pale alipokaa, akamgusa bega.

Nikamwambia Bwana Seif, "Iite tena hiyo isiyo na taa. Mimi nitayashika matundu."

"Utashika nini? Sanduku zima linatetemeka kwa feni."

"Mama yangu alinifundisha kujua ndama akicheza tumboni, kwa kiganja, ng'ombe akiwa anatafuna na kupumua. Diski inayosomwa inakwaruza ndani. Niliwahi kuisikia nikifuta vumbi."

"Na nikuamini kwa lipi? Mara ya kwanza ulisema ndiyo."

"Usiniamini. Nipime kwanza kwenye hizi zenye utepe."

Alinitazama tena. Kisha akaniambia nifumbe macho na kushika la tano na la sita, yeye ataita mojawapo. Niliweka viganja. "La sita," nikasema. "La tano," akasema. Nilikosa mara ya kwanza kabisa, Mama, jasho likanitoka katika ubaridi ule. Kiganja kilikuwa kinakusanya mtikisiko wa feni. Nikajaribu ncha ya kidole kimoja tu, juu ya kishikio cha chuma, na nikamwomba asiite mfululizo. Aite kidogo, anyamaze, aite kidogo, anyamaze, kwa kuwa feni hainyamazi. Hapo nikaipata. Ilikuwa kama kuku anaparua ndani ya debe, anaacha, anaparua. Alinipima kwenye matundu tofauti, mara sita nikapata zote sita, na mara ya saba hakuita yoyote ili anitege. Nikamwambia, "Hujaita." Akasema, "Sijaita," na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ikalegea.

Nikaweka kidole kimoja la tatu, kingine la kumi. "Ita."

La kumi liliparua. Likanyamaza. Likaparua. La tatu hakuna kitu, feni tu.

"Rudia," nikasema. Akarudia. Nikabadilisha vidole, mkono wa kushoto ukaenda kulia. Akarudia tena. La kumi.

"Iliyokufa iko la tatu," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Sema kama unamwambia mama yako."

"Nina hakika, Bwana Seif. La kumi linaitika. La tatu haliitiki."

Nilidhani atakuja kuvuta mwenyewe. Akabaki pale pale kwenye kompyuta, macho kwenye kioo, akasema, "Aliyeitia ndiye atakayeitoa." Nikabonyeza kishikio, nikavuta taratibu. Ilitoka baridi upande mmoja, vuguvugu upande mwingine. Niliigeuza nikasoma namba kwa sauti, na mwisho wake ulikuwa sabini na moja. Bwana Seif alikuwa anaangalia kama kuna kinachoanguka. Hakikuanguka kitu. Kliniki ziliendelea kufungua picha zao. Nikatia mpya, naye akaweka mikono usoni, akasema Alhamdulillahi.

Ile iliyokufa ilikuwa na mkwaruzo pembeni. Sijui kama ni ule wa ngazi mbili. Nimeitazama sana na sijui.

Kwa kuwa sasa kila tundu lilikuwa limeshaitika kwa namba yake, aliandika karatasi mpya, akatia sahihi, halafu akanipa kalamu. "Na wewe tia. Chini yangu." Kwa hiyo jina langu sasa lipo kwenye kabati lile.

Jumatatu aliandika taarifa kwa meneja. Aliniita akanisomea kabla ya kuipeleka. Ilieleza kwamba nilimwaga diski nikadanganya, na ilieleza kwamba nilimzuia mkono na kwamba ni mimi niliyeipata. "Nimeandika yote mawili," akasema. "Nisingeweza kuandika moja." Nikamwambia ni haki. Meneja alisoma, akauliza maswali mawili, akasema mkataba wangu hautaongezwa. Nitamaliza Novemba, na tiketi ya kurudi nitapewa. Bwana Seif alijaribu kunisemea. Alipotoka alikuwa na hasira kuliko mimi. "Mchaga," akaniambia, "ungeninyamazia tu, usingefukuzwa." Nikamwambia najua. Akasema, "Mama yako anajua amezaa mtu wa namna gani?" Nikamwambia hajui, ila nitamwandikia.

Basi ndiyo hiyo, Mama. Umezaa mpagazi aliyesema uongo miaka minne, akasema kweli Jumamosi moja. Nimechoka, lakini siku hizi nalala vizuri. Usione haya kanisani. Ukipenda waambie, usipopenda nitawaambia mwenyewe.

Kaka Elinami, wewe nakuambia peke yako, ingawa najua wote wanasikia. Kuhusu msiba wa Baba sina utetezi. Ulibeba jeneza na nafasi yangu ikiwa wazi, ukaambiwa nimenyimwa ruhusa, ukaamini. Ukitaka kunigombeza, nigombeze nikiwa nimesimama mbele yako. Sitakuja na ufundi wowote. Nitakuja na mgongo unaouma na mikono inayojua kubeba, na kama kuna nyanya za kupeleka sokoni Moshi, nitabeba. Ila mlangoni nitainama.

Nisalimieni baba mkubwa, mwambieni kidari kisimzeeshe meno. Mjomba naye, na mama mdogo mwenye masikio mazito, mguseni bega kwa ajili yangu. Msalimieni mama mchungaji aliyenifundisha kusoma na ambaye sasa atajua kwamba nilisoma kidogo tu. Jirani aliyekula fungu langu mwambieni namshukuru kwa kulitunza, lakini mwaka huu atafute lake. Watoto wa dada wote nawasalimu, hata yule ambaye sijamwona.

Bwana Seif anawasalimu pia. Amesema nikuletee kahawa chungu ya huku, Mama. Nimemwambia kumpelekea kahawa mtu wa Masama ni matusi. Amesisitiza.

Ndege ni tarehe mbili Desemba, nitashuka Dar, nitapumzika kwa rafiki na kukamilisha karatasi za kumaliza mkataba. Jumatano tarehe ishirini Desemba nitakuwa stendi ya Moshi, na jioni ile ile nitapanda Masama. Kaka, siku ya kuchinja usimpe mtu fungu langu kabla ya kuita. Ita jina langu kwa sauti ile ya Baba. Nitakuwa karibu na banda, nami nitaitika.

Mwanao na mdogo wenu,
Elisante, mpagazi